MKE KIZIMBANI: UAMINIFU AU MASLAHI?

Wapenzi wa michezo ya kuigiza na filamu za mahakamani wanakijua kisa cha yule mwanamke wa Kijerumani aliyepanda kizimbani jijini London akamshuhudilia mumewe kuwa ni muuaji. Aliyekitunga ni Agatha Christie, mwandishi Mwingereza. Kilitoka kwanza kama hadithi fupi mwaka 1925, kikaingia jukwaani London mwezi Oktoba 1953, na mwaka 1957 Billy Wilder akakifanya filamu iliyochezwa na Tyrone Power, Marlene Dietrich na Charles Laughton. Kwa lugha yetu tunaweza kukiita Shahidi wa Upande wa Mashtaka. Kisa hiki hakijachakaa hata kidogo: BBC ilikitengeneza upya mwaka 2016, na mwaka uliofuata kikarudi jukwaani katika ukumbi wa vikao vya lililokuwa Baraza la Jiji la London.

Kila kinapozungumzwa, watazamaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaomsifu mwanamke yule kwamba hakuna mke aliyemfanyia mumewe ihsani kubwa kuliko ile. Na wapo wanaomlaani kwamba alikuwa akitafuta lake tu, na mapenzi yalikuwa kisingizio. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yameuliza swali lisilo lake. Yanahoji mwanamke yule alisema kwa ajili ya nani, ilhali swali la kwanza mbele ya shahidi yeyote ni kama alilolisema lilikuwa kweli. Nisingeshika kalamu lau kosa hili lingeishia katika kumbi za sinema. Lakini tunalifanya hapa kwetu, mahakamani, na zaidi ya hapo katika vikao vya ukoo.

Nieleze kwanza kisa chenyewe, nikifuata filamu ya 1957. (Msomaji ambaye hajaiona, na angependa kuiona bila kujua mwisho wake, auweke ukurasa huu pembeni kwa muda.) Leonard Vole ni kijana mtanashati asiye na kazi ya kueleweka. Anajuana na Emily French, mwanamke tajiri aliyemzidi umri, anayeishi na mtumishi wake wa miaka mingi, Janet McKenzie. Usiku mmoja Emily French anakutwa ameuawa nyumbani kwake. Baadaye inagundulika kuwa alikuwa amebadili wasia wake na kumwachia Vole pauni 80,000. Vole anakamatwa. Ngao yake ni moja tu: mkewe Christine, aliyewaambia polisi kuwa saa ya mauaji mumewe alikuwa nyumbani.

Wakili mkongwe, Sir Wilfrid Robarts, anaiona kasoro ya ngao hiyo mara moja. Nani atakayemwamini mke anayempenda mumewe, tena mgeni, tena aliyetolewa na mume huyo katika Ujerumani iliyokuwa magofu baada ya vita? Kisha, kwa mshangao wa wote, Christine anaitwa na upande wa mashtaka. Anasema chini ya kiapo kuwa Vole alirudi saa 4 na dakika 10 usiku, akiwa na damu mikononi mwa koti, na kwamba alikiri kuua. Kamba inaonekana imeshakaza shingoni mwa mshtakiwa. Ndipo mwanamke mmoja asiyejulikana, mwenye sura na lafudhi ya mitaa ya chini ya London, anamuuzia wakili barua ambazo Christine alimwandikia mwanamume aitwaye Max. Barua zinaonyesha kuwa alipanga kumsingizia mumewe ili amwondoe njiani. Zinasomwa mahakamani, Christine anaumbuka, juri inamwona mwongo, na Vole anaachiwa huru.

Kumbe mwanamke wa barua alikuwa Christine mwenyewe. Hakukuwa na Max. Alijua kuwa ushahidi wa mke wa kumtetea mumewe haungeaminiwa, basi akaamua kutoa ushahidi wa kumwangamiza, kisha auvunje mwenyewe ili ule wa mwanzo uonekane ndio wa kweli. Naye hakufanya hivyo kwa kuamini kuwa mumewe hana hatia. Alijua kuwa ameua.

Katika hadithi ya 1925 kisa kinaishia hapo, muuaji yuko huru na mke ameshinda. Christie mwenyewe baadaye hakuridhika na mwisho huo, na katika mchezo wa 1953 akauongezea tukio jingine lililobaki hata katika filamu: Vole anatokea na msichana mwingine mkononi, anamwambia mkewe kuwa sasa wamelipana, na Christine anachukua kisu kilichokuwa kielelezo cha kesi na kumchoma hapo hapo mahakamani. Naupendelea mwisho wa pili. Si kwa sababu kulipiza kisasi ni jambo la kusifiwa, bali kwa sababu kisu kile kinatoa hesabu nje. Mwanamke aliyekuwa tayari kufungwa kwa kosa la kula kiapo cha uongo, ili tu mumewe apone, hakuwa tayari kumwona akiwa hai mikononi mwa mwingine. Alichokuwa akikilinda tangu mwanzo hakikuwa uhai wa Vole. Ilikuwa ni Vole wake yeye. Waama, wanaosema alikuwa mwaminifu na wanaosema alijitafutia maslahi wanaongelea kitu kile kile kwa majina mawili.

Wanazuoni wa fiqhi walilijadili suala hili karne nyingi kabla ya mahakama ya Old Bailey kujengwa. Madhehebu ya Abu Hanifa na Malik, na ya Ahmad bin Hanbal kwa kauli yake iliyo mashuhuri, hayakukubali ushahidi wa mke kwa manufaa ya mumewe, wala wa mume kwa manufaa ya mkewe. Hoja yao haikuwa kwamba wanandoa ni waongo. Hoja yao ilikuwa ni tuhuma: mali zao zimechanganyika, chakula chao ni kimoja, anachokipata mmoja humfikia mwingine, hivyo anayemshuhudilia mwenzake ni kama anajishuhudilia mwenyewe. Imam Shafii akaukubali ushahidi huo, kwa kuwa ndoa kwake ni mkataba, na mkataba hauiondoi sifa ya uadilifu kwa mtu aliyekuwa mwadilifu kabla ya kuufunga. Ama ushahidi wa mmoja dhidi ya mwenziwe, huo kwa jumla ulipokewa, isipokuwa katika mambo machache, kwani shaka ya upendeleo haipo tena.

Tazama basi jinsi mambo yalivyokutana. Christine hakuwa amesoma fiqhi hata ukurasa mmoja, lakini aliijua kanuni hii barabara: anayemtetea mumewe hushukiwa, anayemshtaki huaminiwa. Akaigeuza kanuni iliyowekwa kulinda haki iwe zana ya kuivunjia haki. Sisi wa pwani hii, ambao wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, tunapaswa kuona uzito wa rai ya Imamu wetu hapa. Yeye hakutazama cheo cha shahidi, kuwa ni mke au si mke. Alitazama uadilifu wake. Mke mwadilifu ushahidi wake ni ushahidi. Asiye mwadilifu, hata akimshtaki mumewe mchana kweupe, hajatoa ushahidi.

Kuna jambo jingine ndani ya kisa ambalo watazamaji wengi hulipita haraka. Kwa nini upande wa mashtaka uliweza kumwita Christine? Kwa kuwa ilibainika kuwa hakuwa mke halali wa Vole. Alipofunga naye ndoa alikuwa na mume mwingine hai. Sheria ya Uingereza ya wakati ule, kwa makosa mengi, haikuuruhusu upande wa mashtaka kumleta mke dhidi ya mume, na haikufungua mlango huo kwa upana hadi mwaka 1984. Kwa hiyo kinywa cha mwanamke kilitegemea cheti chake cha ndoa.

Afrika Mashariki iliwahi kuonja upande mchungu wa kanuni hiyo. Mwaka 1917, katika koloni ambalo leo ni Kenya, mtu aliyeitwa Amkeyo alishtakiwa kwa kukutwa na mali ya wizi, na shahidi mkuu dhidi yake alikuwa mwanamke aliyemwoa kwa mila. Ilipodaiwa kuwa sheria inayalinda mazungumzo ya mume na mke, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kuwa ndoa ya mila si ndoa kwa maana ya sheria ile, na akaieleza kuwa ni kama kununua mke. Mwanamke yule hakuulizwa anajihesabu nani. Serikali ilimhitaji azungumze, basi akavuliwa uke wake kwa kalamu moja. Kenya ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi mwaka 1963, ndoa za mila na zile za mke zaidi ya mmoja zilitambuliwa humo, na Sheria ya Ushahidi ya Tanganyika ya 1967 nayo haikumbagua mke kwa kuwa ndoa yake si ya mke mmoja.

Upande wa maslahi nao una mfano wake halisi, usio wa jukwaani. Katika shauri la Trammel dhidi ya Marekani, lililoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo mwaka 1980, mwanamke mmoja alikamatwa Hawaii akiwa na heroini aliyotoka nayo Asia. Akakubali kutoa ushahidi dhidi ya mumewe na wenzake, kwa ahadi kwamba maneno yake hayatatumika dhidi yake mwenyewe. Mume akapinga kwamba mke hawezi kumshuhudilia bila idhini yake, na kweli hivyo ndivyo mahakama hiyo hiyo ilivyokuwa imeshikilia mwaka 1958. Safari hii majaji waligeuka. Walisema hiari ya kunyamaza au kusema ni ya mke anayeitwa kizimbani, si ya mume anayeshtakiwa, na kwamba mke akishafikia hatua ya kutaka kumshuhudilia mumewe, amani ya nyumba hiyo aghalabu imeshatoweka, hakuna ndoa ya kuokolewa kwa kumziba mdomo.

Je, mwanamke yule alitafuta maslahi yake? Bila shaka yoyote. Alitaka kukwepa gereza. Lakini je, heroini ilikuwapo? Ilikuwapo. Mtu anaweza kuchukizwa na nia yake na bado akakiri kuwa alichokieleza ni kweli. Mweke huyu kando ya Christine. Mmoja alijitafutia wokovu akasema kweli, mwingine alikuwa tayari kufungwa kwa ajili ya mwenzake akasema uongo. Ukipima kwa mapenzi, Christine atashinda. Ukipima kwa haki, hashindi.

Sheria ya Tanzania, kwa kifungu ambacho wanasheria wetu wamekizoea kwa namba 130, imechukua njia ambayo mimi naiona ya busara. Mke au mume wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, lakini halazimishwi. Tena mahakama inatakiwa imfahamishe hivyo kabla hajasema neno, na iandike katika mwenendo wa kesi kuwa imemfahamisha, la sivyo ushahidi wake haupokelewi. Maana yake ni kwamba kati ya kumsingizia mume na kumfichia kwa uongo upo mlango wa tatu, nao ni kunyamaza. Christine aliitwa na upande wa mashtaka kwa kuwa hakuwa mke, lakini hata angekuwa mke, hakuna aliyemlazimisha aende kwa polisi siku ya kwanza kusema kuwa Vole alikuwa nyumbani. Angeweza kusema: huyu ni mume wangu, sina la kusema. Hapo angekuwa amehifadhi siri ya nyumba bila ya kumdhulumu marehemu. Uaminifu wa mke, ukitaka mahali pa kukaa, unakaa hapo. Ukitoka hapo ukaenda kula kiapo cha uongo, umeshakuwa kitu kingine.

Lakini kifungu hicho hicho kina mipaka, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Hiari ya kunyamaza huondoka pale mshtakiwa anapokuwa ameshtakiwa kwa makosa dhidi ya maadili yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu, kama vile kunajisi, au kwa makosa ya Sheria ya Ndoa, au kwa tendo lililomdhuru mke huyo, mke mwenza wake, watoto wao, au mali zao. Hapo mke anaweza kulazimishwa. Mtunga sheria amesema waziwazi kuwa heshima ya chumba cha ndoa haiwezi kufunikia mwili wa mtoto.

Na sisi tunafanya nini? Mtoto wa kike anaharibiwa na mume wa mama yake. Mama anakwenda polisi, anaandikisha maelezo. Kabla jua halijatua mashemeji wamejaa ukumbini, na mawifi wako jikoni. Anaambiwa, mke mwema hamwanikí mumewe. Anaambiwa, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Kisha, ukisikiliza kwa makini, maneno yanabadilika: ukimfunga, nani atakulisha? Kodi ya nyumba utalipa kwa kipi? Hao wadogo watasomeshwa na nani? Siku ya kesi mama anaitwa, anasema hakumbuki, au anasema mtoto alitunga. Upande wa mashtaka unaomba atangazwe kuwa shahidi aliyegeuka, na kesi inapungua nguvu.

Angalia udanganyifu uliomo. Wameingia na neno la uaminifu, lakini hoja waliyomshinda nayo ni ya maslahi, tangu mwanzo hadi mwisho: chakula, kodi, ada. Na hata maslahi yenyewe si ya mtoto, na ukikokotoa vizuri si ya mama pia. Ni ya ukoo unaoogopa aibu. Akikubali wataita uaminifu. Akikataa akasimama na kusema aliyoyaona, wataita tamaa, kwamba ana mwanamume mwingine, kwamba anataka nyumba. Kwa ufupi, kila mke aliyesema kweli dhidi ya mumewe wanamtungia Max wake.

Simlaumu mama anayeogopa njaa. Njaa si neno la kuchezea, na jamaa wanaotaka aseme kweli wana wajibu wa kuhakikisha kuwa yeye na watoto watakula mwezi ujao. Ni rahisi kumhubiria ujasiri mtu ambaye sufuria yake hukuijaza. Ninaowalaumu ni sisi tunaokaa katika kikao kile, watu wazima, wengine tukiwa na tasbihi mkononi, ilhali tunajua vyema kuwa aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imeamrisha ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi, wazazi na jamaa wa karibu, wala haikuacha upenyo kwa tajiri au maskini. Tunaisoma misikitini. Ukumbini kwa shemeji tunaisahau.

Kuna shahidi mmoja katika filamu ambaye watu hutoka wakimcheka, naye ni Janet McKenzie, yule mtumishi wa marehemu. Alisema kuwa usiku ule alirudi nyumbani saa 3 na dakika 25, akasikia bibi yake akizungumza na Vole chumbani. Sir Wilfrid akamsambaratisha. Alionyesha kuwa mama yule hasikii vizuri, kwamba ameomba kifaa cha kumsaidia kusikia na hajakipata. Akaonyesha pia kuwa kabla ya wasia kubadilishwa, Janet ndiye aliyekuwa arithi sehemu kubwa ya mali, kwa hiyo ana kinyongo na Vole. Watu mahakamani wakacheka. Juri ikamwona bibi mzee mwenye uchungu wa fedha aliyesikia alichotaka kusikia.

Uchungu wa fedha alikuwa nao, wala hakuuficha. Masikio yake yalikuwa mabovu kweli. Na aliyoyasema yalikuwa sahihi: Vole alikuwa ndani ya nyumba ile saa ile, akiwa na mwanamke aliyekuwa karibu kumuua. Kati ya wanawake wawili waliopanda kizimbani, mwenye maslahi ndiye aliyesema kweli na mwenye mapenzi ndiye aliyesema uongo, na mahakama ilimsikiliza kila mmoja kwa kutazama kilichomsukuma badala ya kupima alichokisema. Mwisho wa filamu, Vole akiwa amelala chini, Sir Wilfrid anaahirisha safari yake ya mapumziko ya Bermuda ili amtetee Christine, na watazamaji hufurahi. Janet McKenzie hatajwi tena. Hakuna aliyekwenda kumwambia kuwa alisikia sawasawa.